Chungu cha Umeme Hakijui Kukoroga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye haraka. Namaanisha wewe uliyenunua chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile chenye bakuli zito la kauri na kifuniko cha kioo, ukajiahidi kwamba saa kumi na moja alfajiri utatumbukiza kuku, bamia na soseji, utafunika, utaenda kazini, na jioni utarudi ukute gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana. Hutaikuta. Utakuta supu ya kuku yenye bamia. Basi jifunge kanga kiunoni, baba nawe vaa aproni, tuanze upya.

Chungu chenyewe sikisemi vibaya. Miaka niliyoishi Baton Rouge, hukohuko Louisiana, nikifanya zamu za saa 12 za kuuguza wazee, kimenilisha kuliko mkahawa wowote. Lakini lazima ujue kilizaliwa kufanya kazi gani. Aliyekibuni, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi Wayahudi wa Vilna, kule Lithuania, walivyopeleka vyungu vya nyama na maharage kwa mwoka mikate kila Ijumaa kabla jua halijazama. Siku ya Sabato hawawashi moto, kwa hiyo chakula kiliiva usiku kucha kwa joto lililobaki ndani ya tanuri. Naxon akatafuta namna ya kulitia joto hilo kwenye waya wa umeme. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ikainunua biashara yake, na mwaka uliofuata chungu kikaingia madukani kwa jina la Crock-Pot. Joto hilo sisi tunalijua bila kuambiwa na mtu. Ndilo lile la makaa yaliyofunikwa majivu chini ya sufuria ya makande. Ni joto la kutunza chakula, si la kukikaanga.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya gumbo haifanyiki ndani ya chungu. Washa jiko.

Chukua kikombe kimoja cha mafuta na kikombe kimoja cha unga wa ngano. Sufuria iwe nzito, ya chuma ikiwezekana, na mwiko uwe wa mbao, wenye mdomo bapa unaofika kila pembe. Mafuta yakipata moto wa wastani, nyunyizia unga uanze kukoroga. Mchanganyiko huo Louisiana wanauita ruu, jina walilolirithi kwa Wafaransa, na kuanzia dakika hiyo wewe si mzazi wa mtu, si mfanyakazi wa mtu, wala si shoga wa mtu. Wewe ni mkorogaji. Zima simu. Mama mkwe akipiga, mwache apige. Jioni utampelekea bakuli, mtaelewana. Mtoto akilia, mpe baba yake. Mlango ukigongwa, itikia "karibu" bila kugeuza shingo.

Utakoroga dakika 30, pengine 45. Kwanza ruu itakuwa na rangi ya mchanga wa ufukweni, nawe utadhani imetosha. Haijatosha. Itafika rangi ya siagi ya karanga, na nyumba nzima itanuka kama jirani anakaanga karanga. Endelea. Itafuata rangi ya sarafu ya shaba, kisha rangi ya chokoleti, na hapo kati ya shaba na chokoleti ndipo gumbo ya kuku na soseji inapokaa. Ukiona vidoadoa vyeusi, umeiunguza. Mwaga. Usichuje, usiongeze maji, usijipe moyo kwamba viungo vitaficha. Uchungu wa unga uliounguzwa hauna kiungo kinachoushinda. Na ikikurukia mkononi inang'ang'ania kama lami, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Unauliza kwa nini chungu kisifanye kazi hiyo chenyewe, nacho kina siku nzima? Kwa sababu kitu chenye maji mengi hakipandi juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na unga hauwi kahawia mpaka uvuke hapo, tena mbali. Ukiuacha unga kwenye mchuzi ndani ya chungu siku tatu, utapata uji wa siku tatu.

Mimi nilifundishwa na jirani yangu, bibi Mkrioli aliyezaliwa New Orleans, aliyehamia Baton Rouge baada ya mafuriko ya kimbunga Katrina, Agosti 2005. Aliporudi kuitazama nyumba yake, mbao zilikuwa zimevimba na magodoro yameoza, lakini sufuria yake ya chuma ilikuwa palepale juu ya jiko, nyekundu kwa kutu. Akaisugua kwa chumvi na steelwool, akaipaka mafuta, akaitia kwenye tanuri mara tatu. Ndiyo aliyonifundishia. Alisimama nyuma yangu, hakuangalia saa hata mara moja, akawa ananusa tu. Kila nilipotaka kuzima moto aliniambia, "Bado, sha." Sha ndilo neno lao la kumwita mtu mpendwa, limetoka kwenye Kifaransa cha Louisiana. Alisema "bado" mara tano. Mara ya sita hakusema kitu, akaisukuma sahani ya vitunguu kuelekea mkononi mwangu.

Vitunguu havikuwa peke yake. Kitunguu maji, selari na pilipili hoho mbichi, vyote vimekatwa vidogo, ndivyo wanavyoviita utatu mtakatifu, na katika nchi iliyolelewa na Kanisa Katoliki usidhani jina hilo limetolewa ovyo. Vitie kwenye ruu mara tu rangi inapofika. Vina kazi mbili: kutoa ladha, na kuipoza ruu isiendelee kuiva. Koroga hadi vilainike, tia kitunguu saumu, halafu, na sasa hivi tu, ndipo ukigeukie chungu chako cha umeme.

Mimina humo ruu na mboga zake. Ongeza lita mbili za supu ya kuku iliyo moto, maana chungu hiki kinachelewa sana kupasha kitu baridi, na kuku asikae saa nyingi katika uvuguvugu. Kwa sababu hiyohiyo usitie kuku aliyeganda kwa barafu, myeyushe kwanza. Tumia mapaja, si kidari: kidari baada ya saa 6 kinakuwa nyuzi za katani. Soseji yao inaitwa andouille, ni ya nguruwe na imekaushwa kwa moshi mzito. Asiyekula nguruwe atafute soseji ya ng'ombe ya moshi au paja la bata mzinga la moshi. Wapishi wengi wa New Orleans wanapika na bata mzinga, na hakuna anayewaambia wamekosea. Kinachotafutwa ni moshi. Ikaange soseji kidogo kabla ya kuitia. Funika, weka moto mdogo, saa 6 hadi 8.

Usifunue! Kila ukifunua kuchungulia, unapoteza joto la kama dakika 20 hadi 30 za mapishi. Najua kioo kimejaa mvuke na huoni kitu. Si lazima uone.

Bamia nazo zina utaratibu wake. Zikate, uzikaange kwenye kikaango kikavu kikavu mpaka ule mlenda ukauke, kama dakika 15, ndipo uzitie. Na ukizikata fikiri jambo hili: wataalamu wengi wa lugha wanalirudisha neno gumbo kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia ni kingombo au jina linalokaribiana na hilo. Itazame hiyo ki-. Ni ki- ya kijiko na kitunguu. Watu walipelekwa ng'ambo kwa minyororo, wakavuliwa majina yao, lakini jina la mboga likabaki jikoni, na leo tajiri wa New Orleans analitamka kila anapoagiza chakula. Mimi nilipolijua hilo niliacha kuijongelea gumbo kama chakula cha wenyewe.

Usipotumia bamia, kuna unga wa majani makavu ya msasafrasi, uitwao filé, ambao wapishi wa Louisiana waliupata kwa Wachoktaw, wenyeji wa nchi hiyo. Huo hutiwa chungu kikiwa kimezimwa. Ukiuchemsha unavutika nyuzinyuzi kama gundi. Unahitaji kimojawapo, kwa sababu ruu kadiri inavyokolea rangi ndivyo inavyopungukiwa nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito.

Je, nyanya? Hapo watu wazima wamewahi kununiana. Wakejuni ni wajukuu wa Waakadia, wakulima wenye asili ya Ufaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia mwaka 1755. Baada ya kutangatanga, tangu miaka ya 1760 wengi wao wakafika kwenye vinamasi na mbuga za kusini mwa Louisiana, na mwaka 1785 merikebu saba zikaleta wenzao kutoka Ufaransa. Hao hawatii nyanya kwenye gumbo, na jambalaya yao, ule wali wa kuchanganywa na nyama, ni ya kahawia. Wakrioli ni watu wa mji, wa New Orleans iliyoanzishwa na Wafaransa mwaka 1718, ikatawaliwa na Wahispania, ikauzwa kwa Marekani mwaka 1803, huku Waafrika waliotumikishwa wakishika miko ya jikoni miaka yote hiyo. Jambalaya yao ni nyekundu kwa nyanya. Chagua upande, ila ukialikwa nyumbani kwa mtu kula ulichowekewa.

Kuhusu jambalaya katika chungu cha umeme nitasema machache: wali usiupike humo. Saa nyingi za mvuke zinaufanya bokoboko. Pika mchuzi na nyama ndani, wali upike pembeni kama unavyoupika siku zote, uchanganye mwishoni. Kamba nao, wa baharini au wa mitoni, waingie dakika 20 za mwisho kwa moto mkubwa. Ukiwaweka asubuhi, jioni utatafuna raba.

Sasa weka kijiko chini unisikilize, maana hapa sina utani. Maharage mekundu yale makubwa yana sumu, aina ya lektini, na moto mdogo wa chungu cha umeme hauiondoi. Maharage manne au matano mabichi yanatosha kumwangusha mtu kwa kutapika na kuharisha, ndani ya saa 1 hadi 3. Yakipashwa joto la kama nyuzi 80 tu, sumu inaweza kuzidi hata mara tano ya ile ya maharage mabichi. Nimewahi kuhudhuria karamu ya ubatizo ambako maharage yalitoka kwenye chungu moja kwa moja, yamelainika, yananukia, na kabla keki haijakatwa foleni ya chooni ilikuwa imefika barazani. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri yalowekwe kwa muda wa saa 5 au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya dakika 30. Yachemke kwelikweli, yaruke, si kutokota. Baada ya hapo ndipo yaingie chunguni.

Yakishafanyiwa hayo, hakuna chakula kinachokifaa chungu hiki kuliko maharage mekundu na wali. Kule New Orleans hicho ni chakula cha Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na kufua kwa mikono kulimaliza mchana mzima. Basi mama alibandika maharage asubuhi pamoja na mfupa wa nyama uliobaki Jumapili, akayaacha yajipikie huku yeye akisugua mashuka. Louis Armstrong, mtoto wa mji huo, alikuwa akimalizia barua zake kwa kuyataja maharage na wali, pale ambapo mwingine angeandika "wako mtiifu".

Jumapili usiku loweka nusu kilo. Jumatatu alfajiri, wakati chai inachemka, chemsha maharage dakika zako 30, huku kikaango cha pili kikilainisha utatu, kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya unga. Tia vyote chunguni na paja la bata mzinga la moshi, maji ya moto yapite juu ya maharage kwa upana wa vidole viwili, moto mdogo, saa 8 au zaidi. Nenda kazini.

Zamu yangu ilikuwa inaisha saa moja usiku. Harufu nilikuwa naikuta kwenye ngazi, kabla ya ufunguo. Nilichota upawa wa maharage, nikayaponda kwa mgongo wa mwiko ukutani mwa chungu, nikayarudisha, na mchuzi ukageuka mzito kama tui la kwanza. Halafu niligonga ukuta mara mbili. Bibi alikuwa anakuja na wali wake ndani ya sufuria ile ya chuma, ameifunika kwa taulo. Alionja akiwa amesimama, kwanza mchuzi, kisha harage moja alilolibana kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Akavuta kiti.