Msinitume Tena Spea za Garimoshi

Ukiwa unadaiwa mahari, jihadhari na baba mkwe anayeanza sentensi na "njoo unisaidie kidogo tu." Mimi nilidhani ni kuhamisha kabati. Kumbe ni garimoshi. La mvuke. La zamani. Na nusu yake haipo.

Mzee alikuwa faiamani, mtunza moto wa injini, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika 1977. Sasa yeye na wastaafu wenzake wamepata ruhusa ya kufufua injini ndogo ya kupangia mabehewa iliyosahaulika majanini, mahali ambapo sitapataja. Ujuzi wanao. Migongo ndiyo hawana. Mgongo ni wangu.

Nikaenda na beleshi. Glavu mpya, beleshi jipya, nimejipanga. Si garimoshi linakula makaa? Sinema zote nilizoona, kuna jamaa anatupia makaa. Wazee wakaniangalia. Mmoja akavua miwani ili acheke vizuri. Injini hii inachoma mafuta mazito, kijana! Mafuta yanapulizwa na mvuke yakiingia kwenye tanuri, yanawaka hewani. Beleshi nikalificha nyuma ya gurudumu. Mama wa chai alishaliona. Mpaka leo ananiita Makaa, na chai ananiuzia bei ile ile ya watu wenye heshima.

Mafuta mazito ndiyo yaliyoendesha pia yale magaratti, majitu ya mvuke ya njia ya Mombasa, na hayo lazima niyaseme maana kwa Mzee hakuna habari nyingine. Daraja la 59. Yaliundwa 34 na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja lilikuwa na tani kama 250 na jina la mlima. Kwenye reli ya mita moja, duniani hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuyazidi nguvu. Mount Gelai liko pale makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukapige picha. Basi mimi nikajitia akili. Nikasema, si tuwaandikie hao wa Manchester watutumie spea? Kiwanda kilifungwa 1966, Mzee akasema, kwa sauti ile ya kumpa mtu habari za msiba. Nikajaribu tena: injini ikipona, tutaipitisha kwenye reli mpya ya SGR? Kimya. Upana wa reli ya zamani ni milimita 1,000, wa SGR ni 1,435. "Na magurudumu yataning'inia wapi, mwanangu?" Sikufungua mdomo tena mpaka chakula kilipoletwa.

Kutu si shida, bwana. Kutu unakwangua. Shida ni kile ambacho hakipo. Injini ikishastaafishwa, kwanza zile zilizo kazini zinaazima viungo vyake, na injini hazirudishi. Halafu wanakuja wale jamaa wa usiku wenye misumeno. Shaba yote imekwenda. Mabomba, geji, vali, firimbi, kibao cha namba. Wamebakiza vile ambavyo watu wanne hawabebi. Vyuma virefu vya kuunganisha magurudumu vipo, ila namba zilizogongwa ubavuni si za injini hii. Kushoto ni cha injini moja, kulia ni cha nyingine. Nikasema si vinafanana? Vinafanana, lakini beringi imechongwa ikae kwenye pini ya gurudumu lake, haitaki ya jirani. Ukibadilisha kimoja, kinacholia ni kile cha pili, na fundi anaanza kupima upya kutoka mwanzo.

Wakanituma bolti. Nikanunua debe zima, pesa zangu, risiti nimeweka vizuri wanirudishie. Haziingii. Zinashika kidogo, unafurahi, zinakwama. Kumbe injini yote imefungwa kwa nyuzi za Whitworth, za inchi, alizozipanga Joseph Whitworth kule Uingereza mwaka 1841. Pembe ya uzi ni digrii 55. Hizi za duka letu ni za milimita, digrii 60. Digrii tano, jameni! Digrii tano zimekula unga na sukari ya watoto. Na pale dukani wamebandika karatasi ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi. Debe liko chini ya kitanda. Mke wangu ameuliza kama hiyo ndiyo mahari.

Kifuniko cha silinda nacho hakuna. Hicho lazima kisubiwe. Fundi mbao anachonga mfano, mfano unazikwa kwenye mchanga, unatolewa, chuma kinamiminwa kwenye lile shimo. Nikampata seremala wa majeneza, mtu makini, akapima kifuniko cha upande wa pili akachonga kile kile, hata unywele haukuzidi. Chuma kikamiminwa, kikapoa, kikatoka kidogo. Eti chuma kikipoa kinanywea, karibu asilimia moja. Mfano ulipaswa kuzidi, tena uongezwe nyama ya kukatwa kwenye mashine. Wazee wote walijua. "Hukuuliza," wakasema. Mimi niulize kama chuma kinanywea? Ninachojua kinanywea ni suruali!

Boila ndipo wazee wanapoacha utani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita kama 1,600, na humo ndani imefungiwa. Kati ya ukuta wa tanuri na ukuta wa nje kuna mamia ya steyi, vyuma vifupi vinavyozuia kuta zisiachane. Kila moja igongwe kwa nyundo. Na mlango wa tanuri ni mdogo, na mwenye umri wa kupenya ni nani? Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, tumbo likakataa. Wazee wakasukuma. Ndani giza, masizi, simu nimeiuma mdomoni kwa ajili ya tochi. Nagonga. Steyi nzima inalia ting. Iliyokatika inalia dub. Mzee yuko nje, ana sikio moja tu linalofanya kazi, anasema, "Rudia." Narudia. "Hiyo imekufa, tia chaki." Kwangu mimi zote zinalia ting. Hata ile niliyojigonga kidole ililia ting.

Zikishabadilishwa, boila itajazwa maji baridi na kubanwa kupita presha yake ya kazi. Maji hayabanwi kama mvuke, hivyo penye udhaifu patavuja tu, hapatalipuka. Nikauliza nani atasimama karibu kutazama panapovuja. Wakanitazama mimi.

Nikinung'unika, Mzee ananitolea stori ya injini ya Kiingereza iitwayo Duke of Gloucester. Iliundwa moja tu, 1954, ikastaafishwa 1962. Silinda moja ikapelekwa makumbusho, mwili ukauzwa skrepa kule Barry, Wales. Watu wa kujitolea wakainunua 1974 bila silinda za nje wala mtambo wa vali, wakaviunda upya. Tena wakagundua sinia la majivu halikutengenezwa kama mchoro ulivyosema, ndiyo maana enzi zake moto ulikuwa unakosa hewa. Wakalirekebisha, ikatoka na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Ilitembea 1986. Mzee anasema hii ni ya kunitia moyo. Mimi nilichosikia ni miaka 12.

Sasa wewe msomaji, nakuomba. Kama kwenu kuna geji ya shaba yenye paundi usoni, au firimbi nzito ambayo marehemu babu "aliiokota" karibu na stesheni, ilete. Hatuulizi maswali, na chai ya mama yule nitalipa mimi. Na kama unajenga geti, nina bolti za milimita, debe zima, hazijatumika. Bei tutaelewana.