Wajukuu wa Wapagazi

Vijana wetu wa Tabora wamefungua kundi la WhatsApp la kwenda Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, maji yanakoporomoka zaidi ya mita 200. Fulana za sare zimeshachapwa, DJ kapatikana, mchango wa nyama umevuka lengo. Kinachowaumiza vichwa ni kimoja tu: gari linafika mpaka chini?

Na hawa ni wajukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi, waliotoka hapa Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani, miezi njiani kwa miguu hadi Bagamoyo. Bila spika.

Tarehe wameweka Oktoba, kiangazi kimekolea, mto umenywea. Mwenyekiti, sogezeni safari hadi Aprili. DJ atasubiri.