Baridi ya Winnipeg Chini ya Kitanda Changu

Hapa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna mtu anayetunza mateke. Mateke, ambayo jirani zetu wa Tanzania huyaita magimbi, hujitunza yenyewe. Ukishayachimba, unakata kichwa pamoja na kipande cha shina, unakirudisha kwenye tope, na kilichobaki kinaingia jikoni. Mengine hata hayakupandwa na mtu. Mateke manene kuliko yote mtaani kwetu Mulongwe yako nyuma ya bafu letu, pale maji ya sabuni yanapotokea, na jani lake moja linatosha kumkinga mtoto na mvua. Mgeni akiyasifu mezani, hatumwambii yametoka upande gani wa nyumba.

Kwa hiyo Yaya, dada yangu mkubwa, alipopiga simu kutoka Winnipeg, kule Kanada, kuuliza mateke yanalazwaje wakati wa baridi, sebule nzima ilinyamaza. Mama akauliza kama yanaumwa.

Hayakuwa yanaumwa. Mateke yanataka miezi saba mpaka kumi, pengine zaidi, ndipo yakomae. Winnipeg, kati ya baridi inayoondoka na baridi inayorudi, inatoa kama minne tu. Usiku mmoja wa mwezi wa tisa barafu inashuka, na kukicha majani yote yamekuwa meusi na kulegea kama sombe iliyosahauliwa motoni. Baadaye ardhi yenyewe inaganda kwenda chini zaidi ya mita moja. Asiyeyang'oa na kuyaficha ndani ya nyumba mpaka mwezi wa tano, kila mwaka ataanza upya na kila mwaka atachimba kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Wenyeji wa kule hawasumbuki na ukubwa, kwa sababu wengi wao hawayali. Wanayapanda mbele ya nyumba kwa uzuri wa majani, wanayaita masikio ya tembo, na baridi ikiisha maduka ya maua yanayauza kwenye mifuko yenye matundu. Mama aliposikia kwamba kuna watu wananunua mateke kwa dola, wanayamwagilia, halafu hawayali, alisema hao ndio wa kuombewa, si sisi.

Shemeji, mume wa Yaya, ndiye aliyeamua kuwaonyesha. Shemeji hajawahi kupita mbele ya bei iliyopunguzwa bila kusimama, na msimu wa maua ulipoisha alirudi nyumbani na mfuko mzima. Kwenye mfuko kuliandikwa kwamba hayaliwi. Yeye aliyachukulia maneno yale kama maoni ya watu wasiojua kupika. Akayachemsha dakika ishirini, akavuta kiti.

Ndani ya mateke kuna fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, zilizochongoka, na ukiyala mabichi au nusu mabichi zinachoma ulimi na koo. Ndiyo maana Mama anajipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, anayabandika kwenye babula, jiko letu la makaa, jua likiwa bado kali, anamwaga maji ya kwanza, na anayeuliza kama yameiva anafukuzwa jikoni. Hayo ni mateke yetu, yaliyochaguliwa na mabibi kwa ajili ya chungu. Yale ya maua yalichaguliwa kwa ajili ya macho, na mengine ni ndugu wa mbali tu wa mateke, ambao hata ukiwapika mpaka kesho huenda wasikuhurumie. Shemeji alitupigia simu ya video. Sauti haikutoka. Alikuwa amefungua mdomo na kutuonyesha ulimi, huku machozi yanamtiririka. Mjomba akasogeza simu karibu na miwani yake, akasema mtandao wa Kanada unaonyesha vizuri kweli.

Baada ya hapo Yaya alipata mateke ya kuliwa kwenye duka la Waasia, akayapanda, na baridi ilipokaribia akatutaka ushauri. Uvira nzima haijawahi kuona barafu ila ile ya kupozea samaki, lakini washauri hawakukosekana. Mjomba alisema ayazike chini zaidi. Jirani mmoja ambaye ni agronomu ndiye aliyesema la maana: ng'oa, kata majani, anika kivulini siku chache, funga kila moja kwa gazeti, panga kwenye katoni, weka mahali pakavu penye baridi ya kiasi, nyuzi 10 hivi. Usitie kwenye plastiki, yatatoa jasho na kuoza.

Nyuzi 10 ndizo zilizoleta matata. Kule nje ni 30 chini ya sifuri, na ndani wanapasha moto nyumba mpaka watu wanakaa na singlendi. Yaya aliiweka katoni chini ya ngazi, karibu na mashine ya kupasha nyumba joto. Mwezi wa kwanza mtoto wake akapanda mbio akilia kwamba kuna vidole vyeupe vinatoka kwenye boksi. Yalikuwa machipukizi, yamedhani masika imefika.

Mwaka uliofuata akayaweka kwenye friji, ambako nyuzi ni kama 4. Mateke hayawezi baridi hiyo. Yanaoza taratibu kuanzia ndani, bila kelele. Harufu ilipoanza, Shemeji alimtafuta mwenye kosa na akampata haraka: furushi la ndagala waliokaushwa, ambao Mama aliwanunua Kalundu, akawachambua mchanga mmoja mmoja, akawatuma kwa mtu anayesafiri. Ndagala wale wakatupwa kwenye pipa la taka. Harufu ikabaki. Sitaandika hapa aliyoyasema Yaya alipogundua, maana gazeti linasomwa na watoto pia.

Hatimaye alipata mahali: kabati la makoti, kwenye ukuta wa mlango wa nje. Tangu hapo mateke yake hulala vizuri kuliko yeye, na amekuwa mtaalamu.

Utaalamu huo ulitufikia mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi, mlango hautoshi. Mwaka ule maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba za watu, Kalundu hata Kavimvira, ambako Mama ana bustani yake. Mateke yanapenda tope, lakini kuzamishwa mpaka ncha ya jani ni habari nyingine. Tuliyachimba tukiwa ndani ya maji ya magoti, na kabla hatujajikausha miguu, ujumbe wa sauti wa Yaya ulikuwa umeingia, mrefu kama wa mhubiri. Msiyakate vichwa. Anikeni. Gazeti. Katoni. Mahali penye baridi. Kila jioni mkague, mtoe yanayooza.

Mjomba alipendekeza tuyapeleke milimani, Lemera, yakaone baridi ya kweli. Nauli ya motari ikamaliza mjadala. Katoni ikawekwa chini ya kitanda changu, kwa hoja kwamba chumba changu hakipati jua. Kiangazi cha Uvira hakihitaji jua ili kupika mtu. Muda si mrefu machipukizi yakatoboa karatasi na kuanza kupapasa godoro kwa chini.

Mama alikagua kila jioni, kama alivyoagizwa. Nilimsikia akichakura, akiguna, akitoka na yanayooza kwenye upindo wa kitenge. Yalikuwa yanaoza mengi. Nilishangaa tu kwamba yalioza zaidi siku ambazo ndagala walikuwa bei nafuu, na kwamba babula ilikuwa inawashwa mapema.

Mwezi wa kumi maji yakawa yameshuka, bustani ikaanza kuonekana. Yaya akapiga simu ya video akiwa amekaa mbele ya kabati lake la makoti, tayari kutuelekeza namna ya kupanda.

"Mama, mbegu zinaendeleaje?"

Mama akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Zimeiva, mwanangu."