Kutoa Sumu: Maelezo Kuhusu Kopo Lililopungua

Katika vilabu vya pombe vya wilaya za Mbulu na Hanang, kama ilivyo katika vilabu vingi vya Tanzania Bara, kopo halikabidhiwi kwa mnywaji mpaka aliyepika amelionja mbele ya macho yake, na tendo hilo huitwa kutoa sumu, kwa maana kwamba kama kuna wa kufa, mpishi atangulie. Kilabu, kwa matumizi ya huko, hakihusiani na mpira wala uanachama. Ni nyumba, mara nyingi chumba kimoja chenye mabenchi yaliyopangwa kuzunguka kuta, ambamo pombe iliyopikwa uani huuzwa na kunywewa siku hiyohiyo mpaka pipa linapokwanguliwa. Hakuna mila inayojulikana, ya Wairaqw, ya Wabarbaig wala ya kabila lolote linalopika pombe, inayompa mnywaji haki ya kusema, baada ya sumu kutolewa, “Mama, mbona umepunguza? Naomba unijazie.” Maelezo haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa kama pasingekuwa na mtu aliyetamka maneno hayo, kwa sauti ya kusikika, katika kilabu kimoja cha Maretadu, wilayani Mbulu, siku tisa tu zilizopita, na kama mtu huyo asingekuwa ndiye aliyeshika kalamu.

Uzito wa kosa hilo hauwezi kueleweka bila kujua ukubwa wa chumba. Kilabu kinachozungumziwa kilikuwa na watu kumi na wawili, magoti ya benchi moja yakikaribia kugusana na magoti ya benchi la pili, kiasi kwamba neno likisemwa mlangoni halina pa kujificha. Mgeni alitoa hela yake, akaona mama mpishi akichota kopo la plastiki la lita moja, akaona povu likifika ukingoni, kisha akamwona mama huyohuyo akilipeleka kopo kinywani mwake mwenyewe na kupiga mafunda mawili yenye utulivu kabisa, kama mtu anayekunywa cha kwake. Hapo ndipo alipotamka alichotamka. Mazungumzo yote yalikatika, yale ya Kiiraqw na yale ya Kiswahili, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia pembeni alizinduliwa na ukimya, kwa kuwa alikuwa amezoea kulala ndani ya kelele.

Mama hakukasirika, ingawa hasira ingevumilika. Alilichukua kopo, akalijaza upya mpaka ukingoni kama alivyoombwa, na kwa kuwa kopo lililojazwa upya ni kopo jipya, na kopo jipya halitoki bila kutolewa sumu, akalionja tena. Lilishuka palepale lilipokuwa mwanzo. Mgeni alilitazama, akamtazama mama, na kwa sekunde kadhaa alionekana kama mtu anayepanga kulalamika kwa mara ya pili, ndipo mzee wa pembeni alipotoa ushauri wake kwa upole: “Mama, mjazie tena mgeni wetu. Tukienda hivi, kesho kutwa ataanza kunywa.” Kicheko kilichofuata hakiwezi kuelezwa kwa lugha ya kitaaluma. Ilitosha kuona kwamba mtoto aliyekuwa uani akichunga kuku aliingia kuuliza kuna nini, akaelezwa, akatoka kuwaeleza wengine.

Kinachosahaulika kwa urahisi, hasa na mtu mwenye aibu, ni kwamba kilichomo ndani ya kopo lile kinastahili heshima kuliko ujazo wake. Pombe ya nafaka, ambayo Wairaqw huiita buura, huanza siku nyingi kabla ya kopo, kwa kutengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kwa makusudi kisha ikazuiwa kukua. Mtama au ulezi hulowekwa, hutandazwa mahali penye unyevu, hufunikwa, na huachwa mpaka uchipue, kwa sababu mbegu inapochipua huunda vimeng'enya, ambavyo ni protini zenye kazi ya kukata wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpishi humwibia mche chakula hicho: huanika machipukizi juani kabla hayajala akiba yao, na vimeng'enya hubaki vimelala ndani ya punje kavu, vikingoja maji. Kwa mtama ipo hatari ya ziada, kwani chipukizi lake bichi hubeba kemikali inayoweza kutoa sianidi, na ndiyo maana kuanika na kuondoa vichipukizi si mapambo ya kazi. Hivyo neno sumu, ambalo mgeni alilidhani kuwa mzaha wa kilabuni, lina mizizi halisi ndani ya chipukizi lenyewe.

Uji wa unga hupikwa kwanza, na kimea kilichosagwa huingizwa baadaye, nao uamuzi wa lini kiingie ndio unaotenganisha mpishi na mtu anayeunguza uji. Uji ukiwa wa moto mno, vimeng'enya huungua vikafa na wanga hubaki wanga. Ukiwa umepoa mno, hufanya kazi kwa uvivu, na bakteria wasioalikwa huwahi karamu. Maabara hutumia kipimajoto. Mama wa Maretadu hutumia mkono wake, na alipoulizwa ni joto la nyuzi ngapi alijibu kwamba ni lile la mkono wake, jibu ambalo kisayansi halina kasoro ila kwamba haliwezi kuchapishwa. Baada ya hapo makundi mawili ya viumbe wasioonekana hushirikiana: bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, huleta uchachu unaowafukuza vijidudu vya maradhi, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo na gesi. Katika baridi ya nyanda za Mbulu hamira huwa wazito, kwa hiyo chombo hufunikwa mablanketi kama mgonjwa wa homa, na mbegu ya hamira haitoki dukani bali hutoka katika machicha ya pombe iliyopita, ambayo ilitoka katika iliyoitangulia, na kadhalika mpaka kwa bibi wa bibi. Pombe hiyo huuzwa ikiwa hai. Povu linaloonekana juu ya kopo ni kazi inayoendelea, na baada ya siku mbili au tatu uchachu huwa umeshinda, hapo hata mnywaji sugu huikataa.

Ni lazima sasa ielezwe mgeni alikojifunzia tabia ya kutazama ujazo. Katika mtaa wa Vesterbro, mjini Copenhagen, kuna baa ndogo ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 2010 na kampuni ya Mikkeller, yenye mabomba ishirini ya bia, na mwanzilishi wake, Mikkel Borg Bjergsø, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia aliyeanza kwa kupika jikoni kwake, kisha kwa miaka mingi akapikia katika viwanda vya watu wengine bila kuwa na chake. Mpishi asiye na chungu ni cheo ambacho Maretadu wangekitafutia jina jingine. Baa za aina hiyo, zinazouza bia za mafundi, yaani bia zinazopikwa kidogo kidogo na kwa majaribio, zimeenea Skandinavia yote, na ni katika mojawapo, isiyo na haja ya kutajwa, ambako mgeni huyuhuyu aliwahi kupewa glasi ndogo yenye bia chachu ya rangi ya waridi, akadhani ni kionjo, akaimaliza kwa funda moja, akasimama kaunta kwa dakika kumi akingoja bia yenyewe. Ilikuwa ndiyo bia yenyewe. Bei yake ingenywesha benchi zima la Maretadu, pamoja na mzee aliyelala. Aliapa tangu siku hiyo kwamba hatapunjwa tena, na kiapo hicho ndicho alichokuja kukitimiza mahali pasipofaa, kwa mtu asiyestahili.

Wanaopenda bia chachu za Ulaya huzisifu kwa maneno yanayokaribia kuwa ya kidini, na heshima kama hiyo hupewa pia hamira za mashambani. Mwaka 2020 Mnorwe Lars Marius Garshol alichapisha kitabu kizima kuhusu upishi wa bia wa mashambani, na kutokana na kazi yake watu wengi walijua habari za kveik, hamira ya familia za magharibi ya Norway, hasa eneo la Voss, inayokaushwa juu ya pete za mbao na kurithishwa, na ambayo hustahimili joto la nyuzi 40 hivi. Katika baadhi ya vijiji mpishi alipokuwa akimimina hamira alipiga ukelele, kusudi bia iwe kali. Sheria ya kale ya Kinorwe, ile ya Gulating, ilimlazimisha mkulima apike bia ya Krismasi, na aliyekaa majira matatu ya baridi bila kupika alinyang'anywa mali, nusu kwa mfalme na nusu kwa askofu. Watu wa taifa hilohilo ndio waliofungua hospitali ya Kilutheri pale Haydom, jirani na Maretadu, mwaka 1955, nao walileta kila kitu chema isipokuwa ukelele huo.

Hapa kicheko hupungua. Machicha ya Voss leo hukaushwa, hutiwa katika pakiti, huuzwa dunia nzima, wakati mwingine yakiwa na jina la mtu aliyeyatunza. Machicha ya Mbulu hayana jina la mtu. Uchachu wa Copenhagen ni ufundi, uchachu wa Maretadu ni “kienyeji”, neno ambalo kwa kuku huongeza bei na kwa pombe huishusha. Sheria ya Vileo ya Tanzania ya mwaka 1968 huitenga pombe ya kienyeji na vileo vingine, na katika magazeti mama mpishi haonekani mpaka neno msako litokee katika sentensi hiyohiyo, akiwekwa kapu moja na wapika gongo, kileo cha kukenekwa kilichopigwa marufuku, na wauza viroba, vifuko vya pombe kali vilivyozuiwa Machi 2017, ingawa yeye hajakeneka kitu na hajafunga chochote katika plastiki. Anajua kemia ambayo wengine huisomea, amewasomesha kwa hela ya pombe hiyo watoto wanaomwonea haya, na mtu pekee aliyewahi kupima bidhaa yake kwa makini wiki ile alikuwa mgeni, aliyepima ujazo.

Makosa mengine ya siku ile ni madogo. Mgeni alikalia kigoda cha mzee. Alinusa kopo na kulizungusha, kwa mtindo wa Vesterbro, wakati jirani yake akiwa amenyoosha mkono kulipokea, kwa kuwa kopo la kilabuni huzunguka. Alilipitisha kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake alirudi kuomba radhi, akaketi mwisho wa benchi karibu na mlango, akatoa hela kimyakimya. Mama alichota kopo, akalijaza mpaka povu likamwagika vidoleni, akamkabidhi likiwa limejaa vilevile, bila kuligusa kwa mdomo, kisha akafunga mikono kifuani. Chumba kizima kilinyamaza, na mzee wa pembeni safari hii alikuwa macho. Mgeni alilitazama kopo kwa muda mrefu, akalirudisha kwa mikono miwili, akaomba lipunguzwe.