Gunia Lililokwenda Kiserian

Msingi wa ukuta ulikuwa upite palepale chini ya uzio wa kayaba, mahali ambapo mama mkwe alipanda amarilisi zake alipohamia Matasia mwaka 1994, akitoka nazo Limuru ndani ya kiondo. Fundi alisema Jumatatu anaanza kuchimba. Basi Jumamosi tukashika jembe uma, mimi na Baba Neema, tukaanza kung'oa.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimeyanyausha majani, na huo ndio wakati mzuri wa kuhamisha. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vimezaana chini kwa chini: mama mtu mkubwa kama ngumi, wanawe wamemng'ang'ania ubavuni, mizizi minene myeupe ikiwafunga pamoja. Tulikung'uta udongo, mizizi tukaiacha, tukavitia kwenye gunia la sisali ili vipate hewa. Gunia likakaa kivulini kando ya tangi la maji, mbali na jikoni. Amarilisi ina sumu inayotapisha watu na kudhuru hata mbuzi, na ukiiweka karibu na vitunguu vya mboga, mtu mwenye haraka hatatofautisha. Wataalamu wa mimea wameviweka vyote ukoo mmoja, pamoja na lile ua letu la porini linalochomoza kama mpira mwekundu mvua ikinyesha.

Jumanne lori likaja kuzoa udongo wa msingi. Vijana wa mzigo wakapakia kila kilichokuwa kando ya tangi, na gunia nalo likapanda.

Mama mkwe alipoona pale patupu hakupaza sauti. Alikaa tu kwenye ngazi akafungua kilemba. Hilo lilinichoma kuliko kama angefoka. Baba Neema akaruka kwenye boda, akalifuata lori hadi ploti moja Kiserian, akakuta wameshamwaga na sepetu ziko kazini. Alirudi jioni na nusu gunia, vitunguu vingi vimekatika. Nikaanza kuchambua vibovu.

“Mama Neema, hicho usitupe. Tazama kitako.”

Mama mkwe aligeuza kipande kilichopasuliwa, akanionyesha kwa ukucha lile bamba gumu la chini ambako mizizi huotea. Kipande chenye kitako huzaa vitunguu vidogo baina ya magamba yake. Kisicho na kitako ni mbolea. Akalainisha makali ya vidonda kwa kisu safi, akavipaka jivu la kuni, tukavianika kivulini hadi vikakauka.

Udongo wetu ni mweusi, mvua ikija unashika maji kama beseni, na kitunguu kilicholowa huoza. Tukainua tuta upande wa pili wa nyumba, tukachanganya mchanga na samadi kuukuu ya mbuzi. Vizima tulivipanda shingo ikiwa nje; vipande tukavitia kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Hivyo vitachukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa ua.

Mvua za vuli ziliposhika, ncha za kijani zilijitokeza kwenye tuta, kisha kwenye makopo. Fundi alikuwa bado anapanga mawe. Akaja kuomba viwili ampelekee mkewe Kitengela.

“Nitakupa na kopo lake,” mama mkwe akamwambia. “Lakini kwanza maliza ukuta wangu.”