Kitambaa Kimoja, Trei Arobaini

Simama karibu na kaunta ya mkahawa wa chipsi kuku, Dar es Salaam, saa saba mchana. Trei inarudi na mfupa wa paja, ukwaju uliomwagika na tishu iliyokwishamaliza kazi yake. Mhudumu anaikung'utia pipani, anashika kitambaa (kilekile kilichofuta meza ya mlangoni, ambacho asubuhi kilikuwa cha buluu) na kuipitishia trei mara moja, kama mama anayempaka mafuta mtoto aliyechelewa shule. Trei inang'aa. Vijidudu vimehamishwa kutoka kona hii hadi ile, tena bila nauli.

Mteja anayefuata amenawa kwa sabuni hadi viwikoni, sote tumemwona. Chipsi moja inamdondokea kwenye trei. Anaiokota na kuitia kinywani: "Haijafika chini hiyo."

Nikamwuliza dada wa kaunta trei huoshwa saa ngapi. Akanitazama kwa huruma. "Kaka, si tunaweka karatasi?" Kweli, karatasi ipo, ila inaloa mafuta kabla hujavuta kiti.

Na kazi yenyewe wala si ngumu: maji ya moto na sabuni, suuza, dawa ya klorini kwa kipimo chake, kisha trei isimamishwe ikauke yenyewe kwa hewa. Kitambaa kibichi hakikaushi kitu, kinafuga tu.

Wenye mikahawa, tunawaomba: kama trei zimewashinda, basi angalau hicho kitambaa kistaafisheni. Kimetumika vya kutosha.