Dawa Naiweza, Ndugu Siwawezi

Nesi aliyetupa maelezo sina ugomvi naye. Alitukalisha mimi na mama, akatupitisha taratibu: kichefuchefu kitakuja, nywele zitanyonyoka, mdomo unaweza kufanya vidonda, na kwenye wiki ya pili baada ya dripu kinga ya mwili hushuka sana, kwa hivyo homa ikifika nyuzi 38 msingoje kupambazuke, hospitali saa hiyo hiyo. Niliyaandika yote. Ambalo halikuwamo katika maelezo ni kwamba mama akishatoka pale Ocean Road, jengo la Wajerumani ambalo tangu mwaka 1996 ndiyo taasisi ya saratani, hatakaa kwangu Dar es Salaam hata ukimfunga kamba. Atapanda boti mpaka Mkoani, Pemba, gari limpitishe Chake na Wete, ashukie kwao Gando. Na Gando uko ukoo wangu mzima, umekaa barazani unamngoja.

Madhara ya kemo yana vidonge vyake. Madhara ya ndugu hayana.

Tuanze na kichefuchefu, ambacho adui yake mkubwa ni harufu. Mgonjwa anaweza kunusa kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu akatapika. Sasa mtu huyu unampeleka Pemba msimu wa karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi ndio wenye karafuu. Wengine hulisifu jambo hili. Mimi mwaka huu nimekinunia kimbunga. Majamvi yameanikwa kuanzia kizingitini kwa mama hadi njiani, na jua likiwaka, harufu inaingia ndani bila hodi.

Nikampigia ami kumwomba ayasogeze.

"Mwanangu," akanambia kwa upole kabisa, "karafuu hizi zikikauka nazipeleka kuuza shirika la ZSTC, na pesa zake ndiyo nauli ya mama ako. Nisogeze nauli?"

Nikasema basi ahamishwe mama, alale chumba cha nyuma. Wakamhamisha vizuri, na godoro lake na mto wake. Jioni ndipo nikapata habari kwamba chumba hicho ndimo mjomba alimoweka doriani zake.

Kisha ikaja ile dawa nyekundu. Katika dawa anazopewa mama imo moja inaitwa doksorubisini, ina rangi kama ubuyu wa dukani, na mkojo hutoka na wekundu wake siku moja au mbili. Mama aliambiwa, akaona ni maneno ya aibu hayo, hayasemwi mbele za watu, akanyamaza nayo. Usiku shangazi kanipigia analia: "Baba, mama ako anatokwa damu!" Mpaka nimalize kumweleza kwamba ni rangi ya dawa tu, jirani wawili walikuwa wameshavaa mabuibui, na mzee mmoja wa heshima yuko njiani na kombe. Kombe sikulisemea neno, ni maji na zafarani na Kitabu cha Mungu. Nililokataa ni mizizi ya shangazi.

Na hapo nikashindwa hoja. "Kwani hizo dawa zenu hazitokani na miti?" Kero ni kwamba zinatoka. Vinkristini hutolewa kwenye lile ua la Madagaska linalojiotea uani kwa watu, na paklitakseli ilianzia kwenye gome la mti huko Marekani. Nikamjibu kwamba wenzetu wanapima kwa miligramu na yeye anapima kwa konzi, na ini la mama halijui udugu. Akakata simu. Alinuna mpaka Ijumaa.

Tumbo ndilo lililonitesa zaidi. Mama hawezi kumwambia mwanawe wa kiume kwamba anaharisha. Anamwambia shangazi, shangazi anampigia mke wangu, mke wangu naye ananitafutia lugha ya kunambia. Linaloanzia Gando ni "ameamka usiku mara sita." Linalonifikia mezani ni "tumbo halimkai sawa." Ukimuuliza daktari, swali lake la kwanza ni mara ngapi.

Halafu kipimajoto. Nilikituma kwa mtu wa boti, kimefungwa vizuri, nikapiga simu kusisitiza: asubuhi na jioni, na msimpe panadol kabla ya kumpima, maana panadol huificha homa. Ndani ya wiki kikawa kipimajoto cha mtaa. Nikiuliza usiku, naambiwa kipo kwa jirani, mtoto wake ana mafua.

"Sasa mama mnampima na nini?"

"Tumemshika shingoni, hana joto."

"Nani kamshika?"

"Shangazi ako. Alikuwa anachochea moto."

Na mtoto yule mwenye mafua, kulipokucha, kaletwa na mama yake kumjulia hali bibi, akapakatwa, akambusu mkono. Utamzuia vipi? Kumtazama mgonjwa ni ibada, na watu wa Gando hawapendi thawabu ziwapite. Tukakubaliana wageni wakae barazani, wamsalimie kupitia dirishani, na anayeingia anawe kwa sabuni. Wengine wananawa. Wengine wanasema wameshatia udhu.

Aliyeniokoa ni binti wa dada yangu, yuko skuli bado. Nikamteua, namlipa kwa bando. Kila usiku hunipigia picha ukurasa wa nyuma wa daftari lake la hesabu. Wa juzi ulisema: "Asubuhi 36.9. Uji wa tangawizi nusu kikombe. Katapika. Choo mara 2. Jioni 37.1. Shangazi kaleta pweza wa nazi, bibi kasema mrudishie, shangazi kalia. Nywele zimetoka nyingi kwenye mto, bibi kasema nisikuandikie." Daktari aliyeusoma aliuliza kama ni muuguzi.

Dripu nyengine imekaribia. Atapimwa damu kwanza, na seli nyeupe zikiwa hazijapanda, itasogezwa mbele. Ami ameshapanga msafara: yeye, shangazi, mjomba na gunia la muhogo, wote wanamsindikiza mgonjwa, wote watalala kwangu. Jana amepiga kuuliza nyumba yangu ina feni ngapi. Nimemwambia iko moja. Akasema hapana tabu, mjomba anakuja na doriani, tutalala madirisha wazi.